Treni ya deraya ya 1/72: anza na reli, mizinga itafuata

Mkuu uliyeko Iringa, umeandika hapa kwamba treni yako ndogo ya mfano, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi, imepinda, inaegemea upande, na hata baada ya kuibandika mizinga minne bado inaonekana boksi tu. Nimejenga treni tatu za deraya (za vita, zenye kuta za chuma) hapa Mbeya, zote za mchezo wa vita mezani, kwa ajili ya vinyago vya askari wa 1/72, yaani vidogo mara 72 kuliko halisi. Kwa picha ulizoweka, tatizo lako haliko kwenye mizinga. Liko chini, kwenye reli.

Treni yangu ya kwanza nilichukua kipimo cha TAZARA kwa sababu ndiyo reli niliyokuwa nikiiona. Upana wake ni milimita 1067. Gawa kwa 72 unapata karibu 15. Nikaweka behewa la Kirusi juu ya reli hiyo, na kila mtu akigusa meza linalala. Reli ya Urusi wakati huo ilikuwa milimita 1524, yaani 21 kwenye skeli yetu. Hizo milimita sita ndizo zinazolipatia behewa mahali pa kukalia. Ile reli nyembamba sikuitupa: Afrika Kusini nao wanatumia 1067, kwa hiyo imenifaa kwa vita vya Makaburu.

Mataruma, yaani vipande vinavyolala chini ya reli, usinunue. Uko Iringa, mianzi ya ulanzi imekuzunguka. Pasua vijiti vya upana wa milimita tatu na nusu, vibandike juu ya ubao mwembamba, halafu nyuzi mbili za waya mnene wa umeme ziwe reli. Kokoto ni mchanga uliochekechwa na kumwagwa juu ya gundi ya maji. Magurudumu yasikuumize kichwa. Kwenye mchezo treni inasukumwa kwa mkono, kwa hiyo bandika chini ya behewa vipande viwili vya mbao vinavyoingia katikati ya reli, na magurudumu ya vifungo vya shati yabaki pembeni kama pambo. Kwenye sakafu ndani weka washa (zile pete bapa za nati) tano au sita za chuma. Halitaegemea tena.

Kupinda kunatokana na gundi ya maji. Ukiipaka karatasi ngumu upande mmoja, ule upande ukikauka unavuta mwenzake. Masika ya huku yanaongeza balaa: behewa langu moja lilijikunja kama jani la mgomba usiku mmoja wa Januari. Sasa nabandika tabaka tatu, nalaza chini ya matofali siku mbili, kisha napaka vanishi ndani na nje kabla rangi haijaligusa.

Sasa hilo la kuonekana boksi. Deraya huonekana deraya kwa riveti, vile vichwa vya misumari inayoshikanisha mabati. Kata kopo la soda, lisugue kwa msasa hadi maandishi yatoke, lilaze kifudifudi juu ya kipande cha kandambili kuukuu. Chukua kalamu ya bairo iliyokwisha wino, weka rula, gandamiza nukta moja kila milimita mbili. Usisukume kwa nguvu. Ukisikia bati limebonyea kidogo chini ya ncha, inua. Ukigeuza upande wa pili utaona mstari wa vichwa vya riveti vimesimama, na ukipitisha rangi ya kijivu kwa brashi iliyokaribia kukauka, kila kimoja kinajitokeza. Ukuta wa behewa moja hunichukua jioni nzima, na sijawahi kujuta. Mnara wa mzinga ni kifuniko cha chupa ya maji. Makaa ya kichwa cha treni ni mkaa halisi uliotwangwa.

Kitu ambacho sikukiona kabisa kwenye picha zako ni behewa la wazi la mbele. Usianze na mzinga, anza na hilo. Treni za Urusi zilitanguliza behewa tambarare lililobeba reli za akiba, mataruma na vifaa vya mafundi, ili bomu la kutegwa lilipukie hapo na njia itengenezwe papo hapo. Kichwa kilikaa katikati, kimekingwa pande zote mbili. Treni ya deraya ilikuwa na nguvu kubwa lakini ilikuwa mfungwa wa njia yake. Tarehe 15 Novemba 1899, karibu na Chieveley huko Natal, Afrika Kusini, Makaburu waliweka mawe relini nyuma ya treni ya Waingereza, kisha wakaipiga ikarudi mbio. Mabehewa ya upande ule yakaacha njia. Winston Churchill, aliyekuwemo kama mwandishi wa habari, alisaidia kusafisha njia chini ya risasi. Kichwa kikaondoka na majeruhi, yeye akatekwa. Pambano hilo ukilicheza mezani, kazi yote iko kwenye mawe na wale mafundi. Mizinga haiamui.

Mabehewa matatu na kichwa yanakutosha. Meza ya mita 1.8 ikibeba treni ya sentimita 90, hakuna tena pa kupigania.

Ukitaka ya kumaliza haraka, kuna Zaamurets: behewa moja lenye injini zake, lililojengwa Odessa mwaka 1916, minara miwili yenye mizinga ya milimita 57. Wanajeshi wa Kicheki waliokuwa Urusi waliliteka 1918 likaingia kwenye treni yao Orlik.

Na kwa mwenzetu mwingine aliyetaka kujenga treni ya Vita vya Kwanza vya Dunia vya huku kwetu: Waingereza walipoingia Iringa mwaka 1916 hapakuwa na reli yoyote, mizigo ilibebwa na wapagazi vichwani. Hao wanastahili kuchongwa, na wapewe meza yao.

Mkuu, kabla ya kupaka rangi, pitisha behewa kwenye kona kali kuliko zote ulizojenga, askari wakiwa wamesimama kando ya reli. Likiwaangusha, punguza urefu sentimita moja ujaribu tena. Halafu utuwekee picha ya sakafu yake, nione washa umezipanga wapi.