Michirizi Myeusi na Kigoga Kwenye Vigae vya Lami: Mashine ya Presha Iache Chini

Msomaji ameuliza akodi mashine ya presha ya nguvu gani ili aoshe paa lake la vigae vya lami lililojaa michirizi myeusi. Asikodi yoyote. Mashine ile hailioshi paa, inalichuna. Juu ya kila kigae cha lami kuna tabaka la chembe ndogo za mawe, na hazikuwekwa pale kwa urembo tu: ndizo zinazoikinga lami na miale ya jua. Maji ya presha huzing'oa na kuzisomba hadi kwenye gata. Lami iliyobaki uchi hukauka, hupasuka na kujikunja kabla ya wakati wake. Watengenezaji wengi wa vigae wanaikataza njia hii, na ukiitumia unaweza kupoteza dhamana yako.

Kabla ya kununua dawa, panda ngazi utazame ni nini hasa kimeota, maana si kila uchafu wa paa ni mmoja.

Michirizi myeusi inayofuata njia ya maji ya mvua si masizi, wala si dalili kwamba kigae kimezeeka. Mara nyingi ni kiumbe kiitwacho Gloeocapsa magma. Watu hukiita mwani, ingawa kwa hakika ni bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hupenda unyevu, na unga wa mawe ya chokaa unaochanganywa kwenye lami ya vigae humsaidia kustawi. Ule weusi ni ganda lake la kujikinga na jua. Anaharibu sura ya nyumba, lakini hatoboi paa.

Kigoga ndicho cha kukipa hofu yako yote. Hiki ni kimea cha kijani kinachotanda kama zulia. Hakina mizizi ya kweli, kina vinyweleo vya kujishikiza tu, na hupenda kuanzia kwenye maungio ya vigae, ambako vumbi na majani makavu hukwama. Kinafyonza maji na kuyashika muda mrefu baada ya mvua kukatika. Kikinenepa huinua ukingo wa kigae taratibu, kisha siku ya mvua yenye upepo maji husukumwa chini yake hadi kwenye mbao. Wakati huo sakafuni huoni chochote. Unakuja kugundua dari likiota doa la kahawia.

Yapo pia mabaka ya mviringo, ya kijivu au kijani kilichofifia, yaliyoganda kama yamepakwa gundi. Hayo ni ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Yameshikana na chembe za mawe zenyewe. Ukiyakwangua yakiwa hai, yanatoka na chembe zake, na kigae kinabaki na kidonda. Yaue, kisha yaache yadondoke yenyewe, hata kama itachukua miezi.

Dawa ya kuaminika ni blichi ya maji ya kufulia, ile ya klorini, ikichanganywa na maji nusu kwa nusu: lita 5 za blichi kwa lita 5 za maji. Ndicho kipimo kinachopendekezwa na chama cha watengenezaji wa vigae vya lami cha Marekani. Blichi iliyokaa stoo muda mrefu, hasa mahali pa joto, hupoteza nguvu. Dawa isipofanya kazi, huenda ulitumia chupa ya zamani. Usiichanganye kamwe na siki, amonia, wala dawa ya kusafishia choo. Hutoa gesi yenye sumu, na kuvuta gesi hiyo ukiwa juu ya ngazi ni hatari maradufu.

Chagua siku ya mawingu, isiyo na upepo. Jua kali hukausha dawa kabla haijaua kitu. Tenga kwanza bomba linalopeleka maji ya paa kwenye tangi, na ulirudishe tu baada ya paa na gata kusuuzwa vizuri. Mwagia mimea iliyo chini maji mengi kabla ya kuanza, wakati wa kazi, na baada ya kumaliza. Tumia bomba la kupulizia la plastiki, kwa sababu blichi hula chuma. Puliza sehemu unayoweza kuimaliza kwa mara moja, ilowe vizuri, kisha subiri dakika 15 hadi 20. Usiiache ikaukie pale. Suuza kwa maji ya mpira wa kawaida ukianzia juu kushuka chini, usielekeze maji chini ya vigae, na usuuze pia gata na kila chuma kilichoguswa na dawa.

Usikanyage paa lililolowa. Kigoga kibichi huteleza, na kigae chenye blichi huteleza zaidi. Kazi inayoweza kufanyika kutoka kwenye ngazi ifanyie hapo: mguu wa ngazi ukae umbali wa mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu, na ncha yake ipite ukingo wa paa kwa karibu mita 1. Ukilazimika kupanda, vaa mkanda wa usalama na kamba iliyofungwa mahali imara. Glavu na miwani ya kinga ni lazima.

Kwa kigoga, subira ndiyo nusu ya kazi. Mafungu manene yabandue kwa mkono, polepole, ili dawa ifike chini. Puliza, suuza, kisha kiache kigeuke kahawia na kukauka. Kikishalegea, kifagie kwa brashi laini kutoka juu kushuka. Ukisugua kuelekea juu unainua kingo za vigae na kuvunja gundi inayovishikiza. Brashi ya waya isipande ngazi kabisa.

Baada ya hapo ndipo kinga inapoanza, na hapa watu wengi huzembea, kisha hulalamika kwamba uchafu umerudi. Kata matawi yanayofunika paa ili jua na hewa vipite. Ondoa majani, hasa pale pande mbili za paa zinapokutana na kufanya bonde. Zibua gata.

Kisha fikiria ukanda wa zinki au shaba chini ya kofia ya paa, yaani safu ya vigae vya kileleni. Tazama paa lenye bomba la moshi lililozungushiwa bati la zinki: mara nyingi chini yake kuna njia safi isiyo na mchirizi. Mvua huyeyusha chembechembe kidogo za madini na kuzishusha, nazo huzuia mwani na kigoga kuota. Chomeka ukanda chini ya vigae vya kofia, uache angalau sentimita 5 nje. Nguvu yake hupungua kadiri maji yanavyoshuka, hivyo paa refu huhitaji ukanda wa pili katikati. Wala hausafishi uchafu uliopo, safisha kwanza. Shaba ina nguvu kuliko zinki, lakini maji yanayotoka kwenye shaba hula gata za alumini na za bati, kwa hiyo penye gata hizo weka zinki. Kama maji ya paa lako yanaishia kwenye bwawa la samaki au ni ya kunywa, usiweke ukanda wowote.

Paa likikauka, pitia vigae vilivyoinuka. Vibandike kwa gundi ya lami, tone la ukubwa wa sarafu chini ya kila ukingo, kisha kandamiza. Ukiijaza sana, kigae hufura malengelenge. Fanya hivyo siku yenye joto kiasi, maana kigae cha baridi hukatika ukikiinua. Kigae ambacho chembe zimekwisha na lami inaonekana wazi usikipulizie dawa tena, kibadilishe. Na unaponunua vipya, uliza vile ambavyo baadhi ya chembe zake zimetiwa shaba kiwandani.