Kabla ya Kuhamia Linux, Mtafute Fundi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10, karibu kila wiki naletewa kompyuta mpakato yenye shida ileile: mashine ni nzima, kioo hakina ufa, betri inashika saa mbili, lakini Windows 11 inaikataa kwa sababu prosesa yake ni ya zamani au haina kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Nyingi ninazopokea zilinunuliwa Kariakoo zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, zimeingia kutoka Dubai au Ulaya, na zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba, ilhali Windows 11 kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Mwenye mashine huniuliza kama aweke Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft. Mimi natumia Linux kila siku tangu mwaka 2008, na ningependa kumjibu ndiyo papo hapo, lakini siku hizi namrudishia swali kwanza: kompyuta hii ikigoma Jumatatu asubuhi, utamwita nani?

Nilianza na Ubuntu 8.04, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwenye CD iliyokuja kwa posta bila malipo. Wakati huo Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu mwaka 2004, alikuwa akituma CD hizo kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani, na huduma hiyo iliendelea hadi mwaka 2011. Kwetu ilikuwa na maana kubwa, kwa sababu kupakua megabaiti 700 kwenye laini ya mkahawa wa intaneti ilikuwa kazi ya usiku kucha, na umeme ukikatika unaanza upya. Hata jina lenyewe halikuwa geni sikioni: ubuntu ya Wazulu na Waxhosa ndiyo utu yetu. Hata hivyo, hoja za uhuru wa programu nilizielewa baadaye. Kilichonihamisha ni virusi vya flashi. Nilikuwa na duka la steshenari karibu na chuo, wanafunzi wakileta kazi za kuchapisha, na kila flashi ilikuja na faili la autorun, yaani linalojiendesha lenyewe flashi ikichomekwa, lililoambukiza mashine zangu zote kabla ya saa sita mchana. Nilipoweka Ubuntu kwenye mashine ya kupokelea flashi, virusi vile vilibaki vimelala kama faili za kawaida, nikavifuta kwa mkono, nikaendelea na kazi.

Kwa asiyeijua, Linux ni kiini cha mfumo endeshi ambacho Linus Torvalds alikitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, nacho kikaunganishwa na programu za mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Juu ya msingi huo watu mbalimbali hutengeneza mifumo kamili ya kutumia mezani, kama Debian, Ubuntu, Fedora na Linux Mint, na yeyote ana haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia jirani. Haki hiyo ya mwisho naithamini sana, kwa sababu katika nchi ambayo Windows nyingi za mtaani ni nakala zisizo na leseni, ni faraja kumwekea mtu mfumo bila kumwingiza katika wizi.

Ukuaji wake ni wa kweli, ingawa ni wa polepole. Kwa miaka mingi Linux ya mezani ilizunguka kwenye asilimia moja na kitu hadi mbili ya kompyuta zinazohesabiwa na StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya mtandao, kisha Februari 2024 ikavuka asilimia 4. Wachezaji wa michezo ya kompyuta wamechangia, maana kampuni ya Valve ilitoa Proton mwaka 2018, programu inayowezesha michezo ya Windows kuendeshwa juu ya Linux, na mwaka 2022 ikaanza kuuza kifaa cha kuchezea michezo kiitwacho Steam Deck ambacho ndani yake ni Linux. Lakini kwa watu ninaowahudumia, sababu kubwa ninayoiona mimi ni kivinjari. Barua pepe, benki, maombi ya mikopo ya wanafunzi, mifumo ya ajira, vyote vimehamia humo, na Firefox au Chrome hazitofautiani sana iwapo chini yake kuna Windows au Linux. Kwa hiyo mtu ambaye siku yake nzima inapita kwenye kivinjari na kuandika barua chache anaweza kuhama kesho.

Wengine hawawezi, na hilo nililijua kwa gharama ya watoto wa watu. Mwaka 2012 nilijitolea kuandaa chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari. Zilikuwa kompyuta 18 za msaada, zenye RAM ya megabaiti 512, na Windows XP iliyokuwamo ilikuwa imejaa virusi kiasi kwamba kuwaka tu ilichukua dakika kumi. Niliweka Lubuntu, aina nyepesi ya Ubuntu, kwenye zote kwa siku mbili. Zikawa nyepesi, mkuu wa shule akafurahi, nami nikaondoka nikiamini nimemaliza. Niliporudi baada ya miezi minne, mashine 14 zilikuwa zimerudishiwa Windows ya nakala.

Nilikaa na mwalimu wa kompyuta nikamwomba anieleze bila kunistahi, na maelezo yake ninayakumbuka mpaka leo. Vitabu alivyokuwa navyo vilimwelekeza mwanafunzi abonyeze kitufe fulani cha Word na fulani cha Excel, na vitufe hivyo kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi, vilikuwa mahali pengine na kwa majina mengine. "Fundi," aliniambia, "watoto hawa nawapeleka kwenye mtihani na kitu ambacho hakimo kitabuni." Printa ya ofisi ya taaluma ilikuwa ikikubali kuchapisha kutoka mashine moja tu. Kisha mashine ya kwanza ilipogoma, akamwita fundi wa mtaani, kijana mwenye bidii ambaye hakuwahi kuona skrini kama ile, na kijana akafanya kazi aliyoijua: akapiga Windows. Hakuna aliyefanya kosa pale isipokuwa mimi, niliyeleta mfumo na kuondoka na ujuzi wake kichwani mwangu. Windows ina nguvu mtaani kwa sababu kila kona yupo mtu wa kuipiga kwa shilingi elfu chache, na nguvu hiyo haipunguzwi na ubora wa mfumo mwingine ambao hauna mtu.

Baadaye nilipofuatilia habari za nje nikaona jambo linalofanana likitokea kwenye ofisi kubwa. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha takriban kompyuta 15,000 kwenda Linux katika mradi ulioitwa LiMux, uliokamilika mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Sababu zilizotajwa ni nyingi na siasa ilikuwamo, lakini malalamiko ya nyaraka zisizolingana na za ofisi nyingine, pamoja na programu maalumu zilizohitaji Windows, yalisikika kwa miaka. Jeshi la polisi la Ufaransa, Gendarmerie, lilikwenda kwa njia nyingine. Lilianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu ya ofisi peke yake, mwaka uliofuata likahamia Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird, na ilipofika mwaka 2008, watumishi wakiwa tayari wamezizoea programu hizo, ndipo likaanza kubadilisha mfumo wenyewe, nalo bado liko kwenye Linux. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lililotangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000, nalo lilichagua kutanguliza LibreOffice.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa ofisi ndogo, shule au familia ni kuacha Windows ilipo kwanza na kusakinisha LibreOffice na Firefox ndani yake, kisha kufanya kazi hivyo kwa miezi miwili au mitatu. Katika kipindi hicho shida za kweli hujitokeza bila kumkwamisha mtu, kwa sababu programu ya zamani bado ipo. Ukishahamia Linux, mara nyingi shida ya kwanza ni barua yenye nembo ya ofisi ambayo mistari yake inasogea na sahihi inaangukia ukurasa wa pili. Watu hudhani LibreOffice imeharibu faili, kumbe kinachokosekana ni fonti. Barua iliandikwa kwa Calibri au Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na hazimo kwenye Linux. Hakikisha fonti ziitwazo Carlito na Caladea zimewekwa, kwani zilichorwa ziwe na upana uleule wa herufi, na kwa Times New Roman na Arial zipo za Liberation. Nimeona ofisi ikikaribia kuiacha safari nzima kwa ajili ya jambo hili linalotatuliwa kwa dakika tano.

Katika ile miezi ya majaribio ndani ya Windows, andika kila programu inayofunguliwa na kila kifaa kinachochomekwa kwa wiki nzima. Uliza hasa mhasibu, na uliza anayebuni mabango. Programu nyingi za uhasibu za kusakinishwa hazina toleo la Linux, na Photoshop haina. GIMP, programu huria ya kuhariri picha, ni nzuri na toleo lake la 3.0 la mwaka 2025 limepiga hatua, lakini mbunifu anayepokea faili za Photoshop kutoka kwa wateja kila siku usimlazimishe. Mashine yake ibaki na Windows yenye leseni.

Hatua inayofuata ni kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Zima mashine, iwashe tena kutoka kwenye flashi, kisha jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, projekta, printa, na kufunga kifuniko kisha kukifungua uone kama inaamka. Printa ijaribiwe kwa kuchapisha karatasi halisi, maana kuonekana kwenye orodha hakutoshi. Kwa Wi-Fi, chipu za kampuni ya Broadcom zimenisumbua kuliko nyingine zote, kwa hiyo natembea na waya wa USB ili simu igawe intaneti wakati natafuta draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa hicho. Mambo yamekuwa mepesi, kwa kuwa hata Debian, ambayo kwa msimamo wake haikuwa ikiweka programu zisizo huria kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji, ilikubali kuweka zile za kuendesha vifaa kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023. Wanaokumbuka zile modemu za USB za miaka ya 2010, ambazo zilijitambulisha kwanza kama CD hadi uzibadilishe kwa programu ya usb-modeswitch, wataelewa tumetoka mbali.

Kuhusu kuchagua toleo, wingi wake huwachosha wageni, na mabishano ya mashabiki hayasaidii. Kwa watu wengi naweka Linux Mint, kwa sababu mpangilio wake hauwashtui waliotoka Windows na toleo la 22 litapata masasisho hadi mwaka 2029. Kwa mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 naweka ile yenye Xfce, mwonekano wa mezani ulio mwepesi. Lakini kama fundi wa karibu nawe anaijua Ubuntu, weka Ubuntu. Na kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua diski ya SSD, ile isiyozunguka, maana mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka itakuwa nzito hata chini ya Linux, na lawama itaangukia mfumo.

Masasisho yanakula bando, na ofisi yenye kompyuta sita haina sababu ya kupakua kitu kilekile mara sita. Ninasasisha mashine moja, kisha nanakili faili zilizopakuliwa, ambazo hukaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, na kuzipeleka kwenye nyingine kwa flashi, nikihakikisha zote ni za toleo moja. Kabla ya hapo nawasha Timeshift, ambayo huhifadhi hali ya mfumo ili sasisho likileta shida urudi ulikotoka. Hiyo si nakala ya nyaraka zako. Nyaraka zinahitaji diski yake ya nje.

Lugha nayo inanigusa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na wakati ule wengi tuliamini kompyuta nzima ingefuata. Leo nikichagua Kiswahili wakati wa kusakinisha, sehemu kubwa ya menyu hubaki Kiingereza, kwa sababu kila toleo jipya huleta maneno mapya na wafasiri wa kujitolea ni wachache. Kwa mtu asiyejua Kiingereza mchanganyiko huo ni mgumu kuliko lugha moja tupu. Kama una Kiswahili kizuri na saa mbili kwa wiki, huko kuna kazi inayokungoja, na haihitaji ujue kuandika programu.

Kuhusu fundi, sasa sisakinishi popote bila kumpata. Namtafuta yule anayeitwa siku zote na ofisi hiyo, namlipa siku mbili zake, na tunasakinisha pamoja huku mikono yake ndiyo ikiwa kwenye kibodi. Namwachia flashi ya kusakinishia, namwonyesha jinsi ya kuokoa faili za mteja wakati mfumo hauwaki, na nenosiri la msimamizi linaandikwa kwenye daftari linalokaa kwa mkuu wa ofisi. Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwenye ofisi yenye kompyuta sita zilizokataliwa na Windows 11. Tumehamisha nne, ya mbunifu itabaki na Windows hadi wapate fedha ya kununua mpya, na ya mhasibu tunasubiri afunge hesabu za mwaka ndipo tuijaribu. Wiki iliyopita mashine ya mapokezi iligoma kuchapisha. Waliponipigia simu nilikuwa safarini, na nilipopiga tena jioni, yule fundi wa mtaani alikuwa amekwisha kuitengeneza.