Maswali na Majibu: Skonzi Zinazokauka Kabla ya Jioni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaoka skonzi za kuuza hapa Ujiji. Kwa kilo moja ya unga wa ngano ninatia vikombe viwili vya maji, vijiko vitatu vikubwa vya hamira, sukari, chumvi na siagi, kisha ninaoka kwa mkaa kwa dakika kama 40. Zikitoka jikoni ni laini, lakini ikifika jioni zimekakamaa na kesho yake zinapukutika. Nimeongeza hamira, hali ni ileile. Fundi mmoja ameniuzia unga mweupe katika kifuko kisicho na maandishi, anauita dawa ya kulainisha mkate, kijiko kimoja cha chai kwa kilo. Niutumie?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usiutumie. Sababu nitaieleza, lakini tuanze na donge lako, kwa kuwa kosa limo humo na hakuna dawa itakayolifuta.

Karibu kila kundi la wanafunzi ninalolipokea hapa Tabora huja na imani hiyohiyo, kwamba ulaini ni kitu cha kutia kwenye unga kama chumvi inavyotiwa kwenye mchuzi. Ulaini wa skonzi ni maji yaliyobaki ndani yake baada ya kuokwa, pamoja na mafuta na sukari vinavyochelewesha kukakamaa. Vikombe vyako viwili ni kama mililita 500, yaani nusu ya uzito wa unga. Kilo ya unga wa skonzi inahitaji mililita 620 hadi 650 za maji au maziwa, kwa hiyo donge lako ni kavu tangu likiwa kwenye bakuli.

Najua kwa nini maji hupunguzwa. Juzi nilisimama karibu na mwanafunzi aliyekuwa akikanda; dakika ya nne donge lilimnata vidoleni, mkono ukaenda kwenye mfuko wa unga, konzi moja, kisha nyingine, mpaka donge likawa safi na mikono ikawa mikavu. Nilipoupima mfuko, gramu 140 zilikuwa zimeondoka. Alidhani amelitengeneza donge, kumbe amelinyang'anya maji yake. Donge la skonzi lazima linate mwanzoni. Changanya, lifunike, liache dakika 20 bila kuligusa ili unga unywe maji, kisha ndipo ukande kwa dakika 10 hadi 15 ukiwa umepaka mafuta kidogo mikononi badala ya kunyunyiza unga. Limekuwa tayari pale kipande kidogo kinapovutwa taratibu kikawa chembamba hadi mwanga ukapenya bila kuchanika.

Kuhusu hamira, vijiko vitatu vikubwa ni karibu gramu 30, nawe unahitaji 10 hadi 12 tu za hamira ya chenga, tena katika joto la Kigoma. Hamira huzalisha hewa, hailainishi. Ikizidi, donge huumuka upesi kupita kiasi, matundu huwa makubwa, na skonzi hupukutika haraka, ikibaki na harufu ya hamira yenyewe. Ndiyo maana ulipoongeza hukuona nafuu.

Unalohitaji ni uji. Chukua gramu 50 katika ile kilo ya unga, uzikoroge na mililita 250 za maji ya baridi, ubandike kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka mwiko uache mfereji chini ya sufuria, kisha uache upoe kabisa. Waokaji wa Uchina na Japani wana njia za namna hii, na msingi wake hauna siri: wanga ukipashwa joto la nyuzi 65 hivi hufyonza maji mengi na kuyashikilia hata ndani ya oveni. Uchanganye uji huo na gramu 950 za unga zilizobaki, mililita 400 za maziwa ya uvuguvugu, sukari gramu 100, chumvi gramu 18 na hamira gramu 12. Siagi gramu 100 ifuate donge likishashikana. Ukipata asali yetu ya Tabora, badilisha nayo sehemu ya sukari, kwa kuwa asali hushika unyevu vizuri zaidi.

Dakika 40 ni nyingi mno. Skonzi ya gramu 60 huiva kwa dakika 18 hadi 22 oveni ikiwa na nyuzi 180 hivi. Moto ukiwa hafifu, mkate unakauka huku ukisubiri kupata rangi, kwa hiyo acha mkaa ushike vizuri kabla ya kuingiza trei. Zikitoka, zifunike kwa kitambaa safi, na zikipoa zitie kwenye chombo chenye mfuniko. Usiziweke kwenye friji, kwani baridi ile huharakisha wanga kukakamaa hata pale maji hayajatoka.

Sasa kifuko chako. Sijakiona na sitakisingizia kilichomo, lakini hata aliyekuuzia hawezi kukuthibitishia, na hilo peke yake linatosha kukikataa. Viboreshaji halali vya mkate vipo, mathalani vitamini C, navyo huuzwa vikiwa na jina, viambato, kipimo na tarehe ya mwisho. Ninachokihofia katika vifuko visivyo na maandishi ni bromate ya potasiamu, kemikali ambayo waokaji wameitumia kwa miaka mingi kuimarisha donge. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Uingereza iliikataza mwaka 1990, Kanada mwaka 1994. Marekani, inakoruhusiwa bado kitaifa, kiwango cha juu ni miligramu 50 kwa kilo ya unga wa ngano uliokobolewa, ilhali kijiko cha chai hubeba gramu kadhaa, yaani makumi ya mara ya kiwango hicho iwapo unga huo haukuchanganywa na kitu kingine. Hata kipimo kidogo hutegemea joto la kutosha ili kemikali iishe ndani ya mkate, nasi tunaoka kwa mkaa usio na kipimajoto.

Inaniuma kuona akina mama wanaohangaikia mtaji wakiuziwa vifuko hivi na watu wanaojiita mafundi, ambao hawajawahi kuwauliza hata mara moja wanatia maji kiasi gani. Skonzi hizo zinaliwa na watoto kila asubuhi kabla ya shule. Anayekuuzia kitu cha kutia kwenye chakula mwulize jina la kitu hicho, kiwanda kilichokitengeneza na kiwango chake. Akijibu kwamba ni siri ya kazi, mrudishie mzigo wake na udai fedha yako.

Fedha hiyo ongezea ununue mizani ndogo ya jikoni. Kesho oka robo tu ya vipimo nilivyokupa, uzifunike skonzi, uzipasue asubuhi inayofuata, kisha uniandikie umeona nini ndani.