Je, nimefunga mlango wa baraka kwa kukataa kumpokea mtumishi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina genge la mbogamboga, na mume wangu ni fundi ujenzi. Kanisani niko kamati ya mapokezi. Mwaka jana tulikuwa na semina, na mtumishi aliyealikwa alifikia kwangu na wasaidizi wake wawili, wakakaa wiki nzima. Tunaishi na mama mkwe, ambaye miguu inamvimba na anatembelea fimbo. Chumba chake ndicho chenye kitanda kizuri, nikamwomba awaachie wageni, yeye akalala jikoni kwenye mkeka. Nilikopa kwenye kikoba ninunue shuka, mchele na nyama. Fedha zilipoisha nikamchinja kuku wake wa mayai. Wageni walipomaliza kula, yeye aliambulia mchuzi tu. Tangu siku hizo mume wangu hanisemeshi vizuri. Sasa semina nyingine inakuja, nimewaambia siwezi. Nimeambiwa nimemdharau mpakwa mafuta wa Bwana na nimefunga mlango wangu wa baraka, nikasomewa habari za mjane wa Sarepta na yule mama Mshunami. Usiku silali. Je, nimemkosea Mungu?

JIBU: Marahaba, mama. Amina, asifiwe sana. Nimeona nikujibu mapema kwa sababu barua yako si ya kwanza ya namna hii kunifikia, na kila msimu wa semina zinaongezeka.

Lile linalokukosesha usingizi lina jibu fupi. Hujamkosea Mungu kwa kusema huwezi. Paulo alipowahimiza Wakorintho kuchangia watakatifu wa Yerusalemu, aliwawekea kipimo: "Maana, kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Fedha ya kikoba hukuwa nayo. Hakuna andiko linalokudai ukope ili mgeni ale nyama.

Ila jambo haliishii hapo, kwa sababu waliokusomea maandiko wamekusomea nusu nusu.

Kwamba anayefundisha Neno anastahili kutunzwa, hilo halina ubishi kati yetu. Ninachokipinga, na nitakipinga kwa nguvu zangu zote, ni fundisho kwamba heshima ni kitu cha kupandishwa juu tu: unamheshimu aliye juu yako, unajiumiza kwa ajili yake, kisha Mungu anakulipa. Katika fundisho hilo mama mkwe wako hayumo kabisa. Hana upako wa kuhamisha, hana mlango wa kukufungulia, kwa hiyo kitanda chake, kuku wake na zamu yake ya kula vinaweza kuchukuliwa, na bado watu wakaita ibada.

Tuanze na mjane wa Sarepta, maana ndiye anayetajwa kila mahali. Ni kweli Eliya aliomba afanyiwe yeye mkate mdogo kwanza. Lakini msome mpaka mwisho wa sura, 1 Wafalme 17. Eliya alikuwa mkimbizi, hakuwa na safari ya huduma. Aliomba kipande cha mkate, tena kwa ahadi ya Mungu mwenyewe kwamba unga hautapunguka pipani wala mafuta hayatakwisha chupani. Na haukupunguka, yeye, mjane na nyumba yake wakala siku nyingi. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na pale mwenyeji alipona kweli. Sasa pima na hali yako. Mgeni ameondoka, na wewe umebaki na deni, mume amenuna, na mama mkwe amebaki bila kuku. Halafu wanasahau kabisa mstari wa 19. Mtoto wa yule mjane alipokufa, Eliya alimchukua kutoka kifuani mwa mama yake, akapanda naye chumbani alimokaa, akamlaza juu ya kitanda chake mwenyewe. Nabii ndiye aliyetoa kitanda kwa ajili ya mgonjwa wa nyumba ile. Wewe uliambiwa habari za nabii huyo ili bibi mwenye miguu iliyovimba alale jikoni.

Mshunami naye (2 Wafalme 4) Biblia inasema alikuwa mwanamke mkuu, mtu mwenye uwezo wake. Wazo la kumjengea nabii Elisha chumba lilikuwa lake mwenyewe, na alimshirikisha mumewe kwanza. Chumba kilikuwa kipya, juu, hakuna aliyehamishwa. Ndani wakaweka kitanda, meza, kiti na kinara cha taa, basi. Elisha hakuomba hata kimoja, badala yake ndiye aliyeuliza, "Utendewe nini?" Na miaka ya njaa ilipokaribia, Elisha huyohuyo alimtahadharisha mama yule ahamishe nyumba yake mapema. Huyo ni mgeni anayewaza usalama wa mwenyeji wake. Geuza ukurasa mmoja tu uone 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari mwenye ukoma, anapona, anataka kutoa fedha na mavazi, Elisha anakataa katakata. Gehazi, msaidizi wake, anamkimbilia nyuma akidai talanta ya fedha na mavazi kwa jina la bwana wake. Anarudi na mzigo, na anaondoka na ukoma wa Naamani. Kwa nini sura ya nne ihubiriwe kila semina na ya tano isihubiriwe?

Na lile neno la kutomgusa mpakwa mafuta? Zaburi ya 105 inawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni wakitangatanga kutoka taifa moja hadi jingine, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni ulinzi wa mgeni asiye na nguvu dhidi ya mwenye nguvu. Kulichukua andiko hilo na kumtishia nalo mama wa genge ni kulipindua juu chini.

Lipo andiko linaloifaa nyumba yako kuliko hayo yote, nalo halikusomwa. Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakuta Mafarisayo na desturi ya korbani. Mtu alikuwa na kitu cha kumsaidia baba yake au mama yake, kisha akasema, hiki ni korbani, nimekitoa kwa Mungu. Wazee wa dini wakamwachia, tena wakamzuia asimtendee mzazi wake neno lolote. Yesu hakuita hiyo sadaka kubwa. Alisema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kitanda cha mama mkwe kilifanywa korbani. Kuku wake alifanywa korbani. Na Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Sura hiyohiyo yenye "heshima maradufu" kwa wazee wanaotawala vema, mstari wa 17, imeanza mapema zaidi na amri ya kuwaheshimu wajane. Anayenukuu wa 17 na auanze wa 3.

Kanisa la kwanza lilikutana na tatizo hili mapema sana. Kuna kitabu kidogo kinachoitwa Didake, mafundisho ya zamani ya Kanisa, ambacho wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Nakala yake ya Kigiriki ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Si Maandiko Matakatifu, lakini kinatuonyesha Wakristo wa mwanzo walivyofanya. Kinasema mtume anayepita apokewe kama Bwana. Akae siku moja, na ikibidi mbili. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha kwenye malazi mengine. Akidai fedha, ni nabii wa uongo. Hata nabii anayeagiza, kana kwamba kwa Roho, chakula kiandaliwe, asikile yeye. Nabii wa kweli anayetaka kukaa na watu anastahili malimbuko, na kama hawana nabii, malimbuko hayo wapewe maskini. Waswahili wasiojua Didake walifika karibu na hapo hapo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulimpa wiki nzima, watu watatu, bila jembe. Na unaambiwa umemdharau!

Basi heshima ni nini? Paulo anasema, "kwa heshima mkiwatanguliza wenzenu" (Warumi 12:10), na hakutaja cheo cha wenzetu hao. Yakobo, katika waraka wake, anachora ibada ambamo mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, na maskini anaambiwa simama kule. Anaita hiyo hukumu yenye mawazo mabaya. Bwana katika Luka 14 anasema ukiandaa karamu uwaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hawana cha kukulipa. Soma hilo taratibu, mama. Mlemavu aliyestahili kualikwa karamuni alikuwa tayari ndani ya nyumba yako, na karamu ikampita akiwa jikoni, hatua chache tu kutoka mezani.

Wabenediktini, ambao hapa Tanzania tunawajua kwa Peramiho na Ndanda, wana kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, na sura yake ya 53 ni ya wageni. Inasema kila mgeni apokewe kama Kristo, kisha inaongeza kwamba uangalizi wa pekee uwe kwa maskini na wasafiri, kwa kuwa matajiri, hofu tuliyo nayo kwao yenyewe inatosha kuwapatia heshima. Mimi si mmonaki wala Mkatoliki, lakini sijasoma maneno yenye busara kuliko hayo kuhusu mapokezi. Mgeni mwenye jina kubwa hatakosa maji ya kuoga. Wa kuangaliwa ni yule ambaye hakuna anayemwogopa.

Fikiri tu jinsi tunavyonawisha mikono kabla ya kula. Mtoto anashika jagi na beseni, taulo begani, anaanza kwa mgeni mkubwa, anapiga magoti kidogo, anamimina. Ni desturi nzuri, naipenda, na isife. Lakini katika Yohana 13 aliyeshika beseni na kujifunga kitambaa kiunoni ni mgeni mkubwa mwenyewe, na miguu anayoitawadha ni ya watu wa chini yake, Yuda akiwamo. Ndugu zetu Waadventista Wasabato hutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, na katika hilo wametutangulia wengi wetu. Natamani semina moja tu ambamo mhubiri aliyealikwa anauliza, "Bibi wa nyumba hii yuko wapi, mbona sijamwona mezani?"

Nalisema hili na kwa watumishi wenzangu. Yesu aliwaagiza wale sabini katika Luka 10 wakae nyumba ileile, wale na kunywa vya kwao wenyeji, wasihamehame. Vya kwao ni vilivyomo ndani. Kama ni ugali na mchicha, ni ugali na mchicha. Mhubiri anayelala kwenye kitanda kizuri katika nyumba ndogo na haulizi kitanda hiki ni cha nani ana jambo la kujibu mbele za Mungu. Yawezekana mgeni wako hakujua, na kamati ndiyo iliyomficha ili nyumba ionekane. Sitamhukumu nisiyemsikia. Ila kamati ilijua.

Sasa nirudi kwako, maana nisingependa uiweke barua hii mfukoni kama ushindi juu ya wenzako. Anza na mama mkwe. Usimtume mtoto wala usimpitishie kwa mumeo. Nenda ukae naye chini, umwambie, "Mama, nilikutoa kitandani kwako na nikachinja kuku wako, nisamehe." Usiongeze "lakini kanisa lilisema". Kisha, genge likikuruhusu, mnunulie tetea mwingine, na siku ya kwanza mtakapochinja kuku hapo nyumbani, firigisi iwe yake. Kisha mumeo. Mshunami alizungumza na mume wake kabla ya kujenga chumba; nadhani wewe ulimtaarifu wageni wakiwa njiani. Mwambie kwamba kuanzia sasa hakuna mgeni wa kulala atakayekubaliwa kabla ninyi wawili hamjakaa mkaongea. Kama kimya chake kimetokana na mama yake kulala jikoni, na ndivyo ninavyodhani, atakapoona umeanza na mama huenda hutahitaji maneno mengi.

Wala usichukie wageni. Nimewaona waliojeruhiwa kama wewe wakifunga mlango kabisa, hata jirani akipita jioni haambiwi karibu chakula. Hiyo nayo ni hasara, na Petro anatuagiza tukaribishane pasipo kunung'unika. Mpokee mtu kwa ulichonacho. Kwa semina hii iambie kamati hivi: kwangu kuna nafasi ya mtu mmoja sebuleni, siku mbili, atakula tunachokula, na atakula pamoja na mama. Wakiona haitoshi, watafute nyumba nyingine au wachange fedha za gesti. Wala usitoe maelezo zaidi ya hapo.

La mwisho ni lile deni. Ulikopa kwa ajili ya mgeni wa kanisa, kwa hiyo si haki libaki begani mwako peke yako. Andika hesabu kwenye karatasi, kiasi ulichokopa, ulichorejesha na kilichobaki, umpelekee mzee wa kanisa unayemwamini, mumeo akiwapo, na uombe lizungumzwe kwenye baraza la wazee kabla ya bajeti ya semina mpya kupitishwa. Wakikuambia ulishatoa sadaka na sadaka hairudishwi, waombe wakusomee Marko 7 kwa sauti, kisha niandikie walichosema.