Barua kwa mwanangu: unauliza sisi wa Kondoa ni kabila gani

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia, unasema huko ofisini kwenu Mtumba, Dodoma, mwenzako kakuuliza kabila ukamjibu Mrangi, akasema haya tuongeleshe basi Kirangi kidogo, ukabaki unacheka tu. Ndo unaniuliza "mama ivi sisi ni Warangi kweli? na bibi alikuwa anaongea lugha gani ile na dada zake?" Nilitaka nikutumie vois ila najijua, nikianza kuongea naishia kwenye habari za majirani, bora niandike.

Kwenye makaratasi we ni Mrangi kwa sababu baba yako ni Mrangi, hapo hamna ubishi. Ila kama unataka kujua damu imepita wapi kaa chini maana ni ndefu.

Bibi yako mzaa baba alikuwa Mburunge wa Goima. Ile lugha ni Kiburunge, na usidhani ni Kirangi cha ndani ndani, hapana, hazina undugu wowote. Kirangi ni Kibantu kama Kigogo na Kinyaturu, ndugu yake wa karibu kabisa ni Kimbugwe cha wale watu wa jirani na ziwa Manyara. Kiburunge ni Kikushi, ukoo mmoja na Kisomali, na ndugu zake wa karibu ni Wairaqw wa Mbulu, Wagorowa wa Babati na Waalagwa wa Kolo ambao wengine tunawaita Wasi. Kwa hiyo bibi yako akikutana na Mmbulu stendi walikuwa wanaokoteza maneno mawili matatu wanaelewana, lakini kwa mume wake mwenyewe alifika hajui hata salamu. Kirangi alijifunzia jikoni kwa mama mkwe wake, na nakwambia aliishia kukijua kuliko wenyewe, matusi yote alikuwa nayo.

Ukienda upande wa machweo, Farkwa, Kwa Mtoro, Sanzawa huko, unawakuta Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, ulimi unagonga mdomoni kama wale watu wa jangwani kusini mwa Afrika. Wasomi wamekuja miaka na miaka na redio zao za kurekodi na bado wanabishana Kisandawe wakiweke ukoo gani. Alafu kuna Wabarbaig na Wamasai wanaopita na ng'ombe, hao ni Waniloti, ukoo mmoja na Wajaluo. Sasa hesabu mwenyewe: Wabantu, Wakushi, Waniloti na hao wa vidoko, wote wanaouziana chumvi soko moja, wakati kuna nchi nzima Afrika hazina mchanganyiko huo. Siku hizi Goima na Farkwa ziko wilaya ya Chemba, waligawa mwaka 2012, ila sisi wa zamani tunaita kote Kondoa na ukituuliza tutaendelea kuita hivo.

Huyo mwenzako wa ofisini akikwambia Kondoa ni ya Warangi tu usimkatalie sana, ni kweli Warangi ndo wengi. Ila mwambie aende Kolo akasikilize. Waalagwa wengi pale wanaongea Kirangi toka wakiwa wadogo, wameoana nao, wamezikana nao, na ukikaa vizazi vitatu unaitwa Mrangi na hakuna anayekumbuka. Urangi kwetu mtu anaweza kuzaliwa nao na anaweza kuuingia.

Na upande wangu mimi ndo kabisa. Babu yake baba yangu alikuwa Mnyamwezi, mpagazi, alifika na misafara ya pembe za ndovu na hakurudi kwao, alioa hapa hapa mjini. Ukoo wetu watu walikuwa wanatuita Waswahili tu, maana yake Waislamu wa mjini wasiojulikana shamba lao la asili liko wapi. Wengine walikuwa wanasema kwa dharau, nikiwa mdogo ilikuwa inaniuma, sahivi sijali.

Sasa mpagazi kutoka Unyamwezi alifuata nini Kondoa? Maji. Mjini kwetu kuna chemchemi, ile ambayo kata nzima imepewa jina lake, na pembeni kuna mto. Misafara ikitoka pwani kwenda bara inakatiza nyika kavu siku nyingi, ikifika hapa inakuta maji safi, mtama, uwele, kuku na watu wa kufanya nao biashara, wanatua mizigo. Wengine walituliza miguu jumla. Waarabu wakafungua maduka, dini ikaja nao, ndo maana Kondoa mjini ukiamka alfajiri unasikia adhana kila upande, na Warangi walio wengi ni Waislamu, ingawa ukipanda Haubi huko unakuta Wakatoliki wa tangu enzi za wamisionari na kanisa linajaa. Shangazi zako wawili wameolewa Haubi na Krismasi tunakula huko, Idi wanakuja wao, hujawahi kushangaa kwa sababu ndo ulivyokuta.

Mjerumani naye alifuata yale yale, akajenga boma. Alafu ikaja vita ya kwanza ya dunia na hapa shule sijui kama walikufundisha. Tarehe 19 Aprili 1916 jeshi la Waingereza, wengi wao wakiwa askari wa farasi kutoka Afrika Kusini chini ya jenerali Van Deventer, waliingia Kondoa. Wakafikiri watateremka moja kwa moja mpaka relini Dodoma. Mvua ikawafunga! Masika ya mwaka ule ilikata njia yote nyuma yao, farasi wanakufa, watu wanaumwa malaria, chakula wakawa wanakula cha wenyeji. Mwezi wa tano kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, na maaskari wake Waafrika wakaja kuwapiga usiku wa kuamkia tarehe 10, wakashindwa kuuchukua mji, wakakaa wanatazamana vilimani mpaka mwezi wa sita Wajerumani wakaondoka. Kwenye vitabu utasoma majina ya majenerali. Kwa wazee wetu ile ilikuwa ni hesabu ya maghala yaliyokombwa na vijana waliobebeshwa mizigo wakapotea. Babu yake baba alijificha na mbuzi wake, upagazi alishaumaliza, alisema hivo.

Ila kilichoua Kondoa kama mji mkubwa mi nasema si vita, ni reli. Reli ya kati ilivyopita Dodoma karibu mwaka 1910 misafara haikuwa na kazi tena, na Dodoma unayojivunia sasa ndo ikaanza kukua sisi tukibaki na barabara ya vumbi. Usicheke. Mji wako ni mdogo kwetu kiumri, waambie.

Nikuambie ya mto sasa, maana bibi yako angeanzia hapo. Mto wetu maji yake yanaenda kuingia mto Bubu, na Bubu inaenda kuishia kwenye bwawa la Bahi, haifiki baharini. Kiangazi unavuka mguu mkavu, mchanga mtupu, kina mama wanachimba mashimo kwenye mchanga wanateka maji yanayojichuja chini. Mvua ikinyesha vilimani hata kama mjini ni jua, unasikia ngurumo na maji mekundu yanashuka yanabeba kila kitu. Ule wekundu ni udongo wa mashamba. Vilima vya Irangi vililimwa na kuchungwa mpaka vikachanika, makorongo ya kumezea nyumba, Waingereza walilazimisha watu matuta na watu wakawachukia, haikusaidia sana.

Mwaka 1973, mwaka ule ule serikali ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, wakaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Na mwaka 1979 ikatoka amri, mifugo yote itoke eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Nilikuwa msichana. Baba yako kwao walikuwa na ng'ombe wa kutosha, nyumba ikagawanyika, wajomba wakaondoka na mifugo kuelekea Kiteto, hawakurudi. Wale ndugu zetu wa Kibaya unaowaona misibani tu ndo hao, na wajukuu zao siku hizi wanaongea Kimasai, umeona sasa mambo yanavyogeuka.

Mi nitakwambia ukweli, ile amri ilikuwa ya kikatili na ilifanya kazi. Vyote viwili. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, vilima ambavyo nilikuwa naviona vyekundu we umevikuta kijani. Mwishoni mwa miaka ya 80 wakaruhusu ng'ombe wa maziwa wa kufungia ndani, unamkatia majani unampelekea, na ng'ombe aliyekusomesha alikuwa wa aina hiyo. Ila muulize mzee aliyefukuziwa ng'ombe zake kama nyasi zilimfariji.

Wahindi na Waarabu wenye maduka nao walipungua pole pole baada ya Azimio la Arusha 1967 na ile sheria ya 1971 ya serikali kuchukua nyumba za kupangisha. Baadhi walibaki na wanaongea Kirangi kukushinda wewe.

Lami ndo imeturudishia uhai kidogo. Ile barabara ni ya zamani, ile ile waliyoipanga Waingereza toka Cape mpaka Cairo, lakini mpaka juzi juzi Dodoma hapa, kilomita kama 160 tu, masika ulikuwa unaweza kulala njiani na kuku wako. Tangu 2018 lami inaunganika Dodoma mpaka Babati na sahivi pale stendi nasikia mpaka Kichaga na Kisukuma, kijana wa vocha ni Mnyaturu, anayenikaangia chipsi ni Mmeru. Nao wakikaa wataoa hapa.

Michoro ya mapangoni ya Kolo pia unaijua, ulienda na shule ukarudi unalia viatu vimekatika. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ile myekundu ya watu wembamba na wanyama inasemekana ni ya wawindaji wa zamani, huenda mababu wa Wasandawe, ile myeupe ni ya wakulima waliokuja baadae. Na mpaka leo watu wanaenda pale Mongomi, kwenye moja ya mapango hayo, kufanya tambiko wakitafuta mvua, Waislamu na Wakristo, wakirudi hawasemi. Kwa hiyo we mtoto, kabla ya sisi wote kuna watu walikuwepo, na hata hao hatujui nani aliwatangulia.

Kwa hiyo ukiulizwa tena sema Mrangi, si uongo. Akiendelea mwambie bibi Mburunge na mama Mswahili wa Kinyamwezi, achague mwenyewe.

Lingine: yule dada yake bibi wa mwisho bado yuko Goima, ana miaka mingi lakini kichwa kinafanya kazi, na wajukuu zake wote wanamjibu kwa Kiswahili. Ukija mwezi wa kumi na mbili tuende wote, uje na hiyo simu yako yenye nafasi umrekodi anavyoongea, aseme majina ya watu wa ukoo wao moja moja maana mimi nayajua nusu. Mpelekee kanga na majani ya chai. Soda usimpelekee, ana sukari, atakunywa yote na mimi ndo nitalaumiwa.

Mama yako