Waya za meno: mambo ya kujua kabla hujaketi kwenye kiti

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro kaniuliza kama waya za meno zinauma, na kama mtu aliyevuka miaka thelathini akiziweka hatachekwa. Zinauma, na kuchekwa utachekwa. Ziweke tu.

Mimi nimekua na meno yaliyopandana. Chonge za juu zilikosa nafasi zikachomoza juu kabisa kwenye ufizi, na shuleni niliitwa majina ambayo hadi leo siwezi kuyaandika. Nikazoea kucheka mkono ukiwa mdomoni. Nilipopata kazi ya kueleweka hapa Dar, akiba yangu ya kwanza ilikuwa ya meno. Shangazi mmoja akasema mbele ya wageni, "Mtu mzima na waya mdomoni, unamtafuta nani?" Neno lile liliniuma kuliko waya zenyewe, na sijalisahau. Jino la mtu mzima linasogea vizuri tu, mradi fizi na mfupa viwe na afya.

Kabla ya yote, tafuta daktari bingwa wa kupanga meno. Wangu alinipiga eksirei na kuchukua vipimo vya taya kabla hajabandika chochote. Anayetaka kukufunga waya bila eksirei, mkimbie. Kwangu nafasi ilikuwa finyu, ikabidi yang'olewe magego madogo manne, yale yanayofuata chonge. Nililia, lakini siku ya miadi nilienda. Ukitaka kitu kizuri lazima ujikaze, ndugu yangu.

Kubandikwa kwenyewe hakuumi. Maumivu yanakuja saa chache baadaye, na usiku ule hata wali ulinishinda. Siku tatu nne za mwanzo ni za uji, mtori na parachichi, na panadoli ukizidiwa. Usidhani kuna kilichoharibika. Waya inalisukuma jino: upande linakoelekea mfupa unamung'unyika, upande linakotoka unajengeka mpya. Kazi hiyo haina haraka, kama milimita moja kwa mwezi, ndiyo maana wengi wetu tunakaa na waya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wengine zaidi. Anayekuahidi miezi miwili anakudanganya.

Vidonda vya ndani ya mashavu vinatulizwa na nta maalumu ya waya za meno. Kata kipande kama punje ya choroko, kiviringishe vidoleni mpaka kilainike, kausha kwa tishu kile kibandiko cha chuma kilichogandishwa kwenye jino kushikilia waya, ndipo uigandamize juu yake. Kibandiko kikiwa na mate, nta haishiki. Sukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Miezi ya katikati haina hadithi. Unarudi kila baada ya wiki nne hadi nane, waya inakazwa, unaumwa siku mbili, maisha yanaendelea.

Penye kuharibu ni usafi. Kliniki nilimwona binti aliyetoka kuvuliwa waya. Meno yamenyooka kabisa, lakini karibu kila moja lina doa jeupe kuzunguka pale kibandiko kilipokuwa. Utando wa chakula ulikaa pale, bakteria wakatengeneza asidi, asidi ikala madini ya jino. Mama yake alikuwa analia. Gharama yote ile! Jamani, pigeni mswaki. Kila baada ya kula, kwa dawa yenye floraidi: juu ya waya mswaki ukiulaza kuelekea chini, chini ya waya ukiulaza kuelekea juu, kisha kibrashi chembamba kipite kati ya waya na jino. Mimi mswaki ulikaa kwenye mkoba, na kazini nilisimama kwenye sinki kila mchana wenzangu wakinitazama. Leo hao hao wananiuliza kliniki iko wapi.

Sahau mahindi ya kuchoma, miwa, kashata, barafu na bigijii. Embe likatwe vipande, usiling'ate kwenye kokwa. Mshikaki uchomoe kwenye kijiti uukate mdogo mdogo. Kibandiko kikibanduka, jino lile halisogezwi vizuri mpaka urudi kwa daktari, na wewe ndiye unayechelewa. Soda nazo ziache. Najua mtasema nawafokea, lakini mtu ambaye hawezi kuacha soda kwa ajili ya meno yake aweke kwanza hela yake benki.

Waya zikitoka, kuna riteina, kifaa cha kuvaa mdomoni kinachoyashikilia meno pale yalipofika. Meno yana tabia ya kurudi yalikotoka, kwa hiyo utaivaa kama daktari atakavyokupangia, kisha kila usiku kwa miaka. Usiioshe kwa maji ya moto, itapinda. Ukila mgahawani usiifunge kwenye tishu ukaiacha mezani, mhudumu ataitupa pamoja na mabaki. Iwekee kikopo chake. Na siku unapoulizia bei, uliza kama riteina imo ndani yake, maana kliniki nyingine huitoza kando.