Kifua 40, mgongo je?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Malindi. Nimeshonesha blauzi ya lesi ya harusi, mbele iko sawa lakini nikinyoosha mikono mgongo wanibana kabisa, na shingo ya mbele yanikaba koo. Fundi asema nimenenepa. Nilijipima mwenyewe kifua nikamtumia kwa WhatsApp, inchi 40.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hujanenepa. Alichofanya fundi wako nakijua, kila wiki naletewa kazi kama hiyo hapa Langoni niirekebishe: amechukua 40 akaigawa mara mbili, 20 mbele 20 nyuma, akakata. Nani aliwaambia mgongo ni nusu ya kifua? Wanawake wawili wote 40, mmoja ana matiti makubwa na mgongo wake kwapa hadi kwapa ni 13 na nusu, mwengine kifua kidogo mgongo 15 na nusu, sasa hiyo 40 yakwambia nini?

Na mgongo mtu hajipimi. Ukijipinda kushika tepu nyuma mabega yashasogea. Mwite dadako, funga lastiki kiunoni uyumbeyumbe mpaka itulie yenyewe, inamisha kichwa atafute ule mfupa unaotokeza nyuma ya shingo, apime kutoka hapo mpaka kwenye lastiki. Halafu ashuke kama inchi 4 chini ya mfupa apime mkunjo wa kwapa hadi mkunjo wa kwapa, kwanza mikono imening'inia, kisha umejikumbatia. Andika zote mbili, fundi aone mgongo wako wataka nafasi kiasi gani.

Koo ni habari nyengine. Yaelekea mgongo wako wa juu umepinda kidogo (sote siku hizi, na simu hizi!), unakula urefu, nyuma imekuwa fupi ndio inaivuta mbele ije kooni. Hapa ndipo wale mafundi wa "ongeza inchi mbili kila upande" wananichosha, palipotaka urefu wao watia upana, blauzi yawa gunia na koo bado limekabwa. Wengine walaza blauzi kuukuu juu ya kitambaa wakakata, na kosa la ile ya zamani likahamia kwenye mpya. Juzi nimeletewa lesi iliyokatwa hivyo, ndani ya mshono hakuna akiba ya kitambaa hata ya kidole, nikabandika kipande chini ya kwapa na ukiinua mkono chaonekana.

Yako fumua kidogo mshono wa pembeni uangalie akiba. Ikiwa inchi moja kila upande nitaipanua, na urefu nitie kipande begani. Mabaki ya lesi unayo?